Maua madogo ya preri mbele ya nyumba, kwa sisi tulioko Iowa na majirani zake

Wengi wetu huku Iowa, Minnesota, Illinois tukipata nyumba yenye kauwanja tunawaza sukuma na mchicha kwanza, na mi sina ubishi na hilo, mboga kwanza. Ila ile sehemu ya mbele imekaa majani tupu ya kukata kila wiki, hapo ndo pa kuweka maua ya preri, yaani maua ya zile mbuga za nyasi zilizokuwa zimefunika sehemu kubwa ya Iowa kabla watu hawajazilima zote wakaweka mahindi. Leo imebaki chini ya asilimia 0.1 ya mbuga hizo, kwahiyo hata kabustani kadogo si haba, nyuki watakuja tu.

Sasa kitu kikubwa, haya maua hayataki kubembelezwa. Najua sisi tukishika jembe mawazo yanaenda kwenye samadi, huku acha kabisa, maana ukitia mbolea yanarefuka yanalala chini na wanaonenepa ni magugu. Udongo mkavu, wenye mchanga au kokoto, jua masaa sita au zaidi kwa siku, basi. Pakituama maji tafuta sehemu nyingine au inua tuta.

Ukienda kununua taja jina la kisayansi, ndo halikosewi. Mi napenda Geum triflorum kuliko yote, iko sm 15 hadi 40 hivi, inatoa vimaua vya pinki vimeinamisha kichwa halafu vikiisha yanatoka manyoya marefu ukiyaona kwa mbali unadhani moshi. Pulsatilla patens ndo inawahi kuliko wote, mwezi wa nne theluji haijaisha vizuri yenyewe ishachanua, ina manyoya mpaka kwenye shina, na ndo ua la jimbo la South Dakota, ila ina sumu kwahiyo watoto wasitafune. Sisyrinchium campestre ni fupi, maua madogo ya bluu au meupe, na majani yake yanafanana na nyasi kabisa mpaka mtu anayepalilia anaing'oa, weka kijiti pembeni ujue iko wapi. Viola pedata nayo nzuri lakini kama huna mchanga usihangaike nayo, kwenye udongo wa mfinyanzi inaoza. Ukitaka kitu kirefu kidogo kuna Dalea purpurea, ya ukoo wa kunde, inajitengenezea naitrojeni yenyewe, shida yake sungura wanaipenda mno, izungushie wavu mpaka ikomae.

Kuandaa sehemu, usilime. Ukigeuza udongo unaziamsha mbegu za magugu zilizolala huko chini miaka na miaka. Funika yale majani kwa plastiki nyeusi kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, yafe yenyewe, kisha kwaruza juu juu kwa reki.

Mbegu nyingi za preri lazima zipitie baridi ndo ziote, kwahiyo rahisi kuliko yote ni kumwaga mwezi wa kumi na moja ukaiachia winta kazi. Changanya na mchanga wenye unyevu ili zisambae sawa, mwaga juu, usifukie maana vile vidogo vinataka mwanga, kanyaga kwa mguu zishike udongo, basi umemaliza. Ukichelewa mpaka spring inabidi uziweke kwenye mfuko na mchanga wenye unyevu ndani ya friji kama siku 60, friji sio friza jamani. Pulsatilla mbegu zake ni bora zikiwa mbichi, zilizokaa dukani zinasumbua, nunua miche tu. Miche panda sm 20 hadi 30 kutoka mmoja hadi mwingine, na mwaka wa kwanza mwagilia mvua ikikosekana. Baada ya hapo usiizoeshe maji.

Mwaka wa kwanza kwa zilizotoka kwenye mbegu utaona vijani viwili vitatu tu na majirani watauliza umepanda nini, usikate tamaa, vinashusha mizizi kwanza, maua ni mwaka wa pili au wa tatu. We kazi yako magugu, na yaliyo karibu na mche kata kwa mkasi, ukivuta unang'oa vyote.

Halafu vile vipakiti vya bei rahisi vyenye picha ya maua rangi zote sivishauri, mara nyingi ndani kuna mimea isiyo ya huku kama Hesperis matronalis ya Ulaya inayovamia mpaka misituni. Nunua kwa nasari ya mimea asilia, uliza kama miche imepigwa dawa za wadudu za neonikotinoidi maana zinaua nyuki. Na usiende kuchimba kwenye hifadhi, ni kosa.

Cheki pia sheria za mji wako kuhusu urefu wa majani, na kama kuna chama cha wenye nyumba waulize kabla. Haya mafupi hayaleti kesi sana, ila acha ukanda wa majani yaliyokatwa pembeni ionekane umepanda makusudi. Majani ya miti yakidondoka oktoba yatoe juu ya Viola na Geum, yakilala hapo winta nzima yanaziba, ila mashina makavu ya Dalea yaache yasimame mpaka spring.