Kusoma Yeremia 29:11 bila kupachika mawazo yetu

Katika jumuiya zetu hapa Moshi, kijana anayesubiri matokeo ya kidato cha sita huombewa mara nyingi kwa Yeremia 29:11, ambapo Bwana anasema kwamba anayajua mawazo anayowawazia watu wake, mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa tumaini, na anayeusoma mstari huo hukusudia kumtia moyo. Ninauchukua mstari huo kuwa mfano kwa sababu tunaupenda, na andiko tunalolipenda ndilo tunalolilazimisha kwa urahisi kusema tunachotaka.

Anza mbali kidogo. Soma sura ya 28 na ya 29 kwa mfululizo, kwa sauti, kabla ya kueleza lolote. Utaona kwamba mstari wa 11 ni sehemu ya barua ambayo Yeremia aliipeleka kutoka Yerusalemu kwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka mpaka Babeli. Anawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea mji wa adui zao. Kisha, katika mstari wa 10, anawaambia kwamba Bwana atawarudisha baada ya miaka 70. Wazee walioisikia barua hiyo walielewa kwamba watazikwa ugenini. Aliyekuwa ameahidi marejeo ya haraka, ndani ya miaka 2, ni Hanania, naye sura ya 28 inamhesabu kuwa nabii wa uongo. Kwa hiyo, tunapoutumia mstari wa 11 kumhakikishia mtu mafanikio ya karibuni, tunaweka maneno ya Hanania kinywani mwa Yeremia, na jambo hilo linanihuzunisha sana.

Baada ya hapo, chunguza maneno yenyewe. Biblia ya Union Version inasema "ninayowawazia ninyi", na Kiswahili chetu kinatufaa hapa, kwa maana hakituruhusu kudhani kwamba anayeambiwa ni mtu mmoja. Ukiwa na tafsiri ya Biblia ya Habari Njema, linganisha.

Matumizi yaje mwisho. Kijana yule anaweza kuambiwa kwa haki kwamba Mungu hakuwasahau watu wake katika kungoja kurefu, na kwamba aliwataka waishi na kufanya kazi wakati wakingoja. Hawezi kuambiwa kwamba atafaulu.

Unapoandaa somo, andika kila hoja yako daftarini na pembeni yake namba ya mstari unaoibeba. Hoja iliyokosa namba, ifute kabla hujasimama mbele ya watu.