Kubadilisha funguo za gitaa bila kuumiza mbao

Gitaa likikataa kushika sauti, lawama ya kwanza huangukia vile vifaa vya kukazia nyuzi vilivyoko kichwani, ambavyo humu nitaviita funguo, na mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uchunguze kwanza ugonjwa wenyewe. Uzi mpya huendelea kunyooka kwa siku moja au mbili na kushuka sauti, hata ukiwa umefungwa kwenye ufunguo bora kuliko wote. Uzi uliozungushwa ovyo kwenye mhimili wa ufunguo nao huteleza kidogo kidogo. Lakini mkosaji mkubwa ni kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita kilichoko mpakani mwa shingo na kichwa. Ukizungusha ufunguo ukaona sauti haipandi, kisha ghafla ikaruka kwa mlio mdogo wa “ting”, ujue uzi umebanwa ndani ya mfereji wake. Utoe uzi huo, sugua ncha ya penseli laini ndani ya mfereji, urudishe uzi, na huenda kazi yako ikaishia hapo.

Kagua pia nati zinazobana funguo kwa mbele na skrubu ndogo iliyoko mwishoni mwa kila kishikio, yaani kile unachokizungusha kwa vidole, kwa kuwa zote hulegea kwa miaka. Funguo huwa zimekwisha kweli pale unapozungusha kishikio hata robo ya mzunguko bila mhimili kusogea, au meno ya gia yamelika, au mhimili unacheza ukiushika kwa vidole, au vishikio vya plastiki vimeanza kupasuka na kumeguka. Kwa sisi tunaoishi mwambao kuna adui mwingine, nayo ni hewa ya chumvi. Funguo zenye gia zilizo wazi huanza kushika kutu mapema, na kutu ikishakula meno, mafuta hayarudishi kilichopotea.

Ukishaamini kwamba funguo ndizo zenye kosa, usikimbilie dukani. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni kupima, na anayenunua kwanza akapima baadaye huishia kulitoboa gitaa ili lifanane na alichonunua. Pima kwanza kipenyo cha tundu kichwani, ukitumia kalipa, yaani kile kipimio chenye taya mbili, ikiwezekana, baada ya kutoa ufunguo mmoja. Funguo za kisasa zilizofunikwa, ambazo gia zake zimefungiwa ndani ya kasha lenye grisi, kwa kawaida huhitaji tundu la milimita 10, na hubanwa kwa bushi, yaani kile kibomba kifupi cha chuma kinachouzunguka mhimili, ambayo ina nyuzi za skrubu na huingia kwa mbele. Funguo za mtindo wa zamani zenye gia wazi hutumia tundu jembamba zaidi, la karibu milimita 8.7, na bushi yake haina nyuzi bali husukumwa tu ikabana kwenye mbao. Tofauti hiyo ya zaidi kidogo ya milimita moja ndiyo inayoharibu magitaa mengi.

Kama funguo zako zimeshikamana tatu tatu kwenye bamba moja, kuna kipimo kingine usichoweza kukikwepa, nacho ni umbali kutoka kitovu cha mhimili mmoja hadi kitovu cha mwingine. Kitovu ni vigumu kukilenga kwa macho, kwa hiyo pima kutoka ukingo wa kushoto wa mhimili wa kwanza hadi ukingo wa kushoto wa mhimili wa pili, nawe utapata jibu lile lile. Magitaa mengi huwa na takriban milimita 35, ila usitegemee neno “mengi” unapotoa fedha yako. Bamba lenye umbali tofauti hata kwa milimita moja litapinda au litakwaruzana na mihimili. Funguo zinazosimama moja moja hazina tatizo hili. Pima vilevile unene wa kichwa, na uangalie skrubu za nyuma zimekaa wapi: nyingine huingia pembeni mwa kasha, nyingine kwa mshazari. Ukipata seti ambayo skrubu zake zinaangukia kwenye vitundu vya zamani, umeokoa nusu ya kazi.

Utaona pia kwenye pakiti namba kama 14:1, 18:1 au 21:1. Maana yake ni kwamba kishikio huzungushwa mara 14, au 18, au 21, ili mhimili uzunguke mara moja. Namba kubwa huleta upole zaidi katika kutafuta sauti, lakini haimaanishi kwamba ufunguo utashika vizuri zaidi, na kwa maoni yangu ufunguo wa 14:1 uliotengenezwa kwa uangalifu unaushinda wa 18:1 uliotengenezwa kwa haraka. Kampuni za Gotoh ya Japani, Schaller ya Ujerumani na Grover ya Marekani hutengeneza funguo za kuaminika. Fikiria uzito pia, maana funguo nzito zilizofunikwa zikiwekwa kwenye gitaa dogo jepesi hulifanya liinamie upande wa kichwa kila unapoachia mkono wa kushoto.

Na kama tundu lako ni la 8.7 nawe umeipenda seti ya milimita 10? Ushauri wangu ni kutafuta seti nyingine, hasa kama gitaa ni la zamani na lina thamani, kwa sababu mbao iliyoondolewa hairudi. Safari ya kinyume ni nyepesi: zipo bushi maalumu za kupunguzia tundu, ambazo kwa nje ni milimita 10 na kwa ndani hupokea mhimili mwembamba wa mtindo wa zamani. Ukilazimika kupanua, usitumie drili yenye biti ya kawaida, kwani biti hiyo hung’ata ukingo wa tundu na kunyofoa vanishi pamoja na mbao. Tumia riima, kile chombo chenye umbo la pia kinachokwangua polepole kwa mkono, ukiingia nusu ya kina kutoka mbele na nusu kutoka nyuma, huku ukijaribisha bushi kila baada ya mizunguko michache.

Sasa tufungue. Seti ya nyuzi za kawaida za chuma, zenye unene wa kuanzia inchi 0.012 hadi 0.053, huvuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, kwa hiyo usizikate zikiwa zimekaza. Zilegeze zote kidogo kidogo kwa zamu, kisha uzitoe. Laza gitaa juu ya blanketi na uweke taulo lililokunjwa chini ya shingo. Nati za mbele hufunguliwa kwa spana, aghalabu namba 10, na zungusha utepe wa karatasi kwenye spana ili isikwaruze kichwa. Skrubu za nyuma zinahitaji bisibisi inayojaa barabara kwenye mfereji wake, ikisimama wima na kugandamizwa. Skrubu isipotaka kutoka, gusisha ncha ya chuma cha kulehemu kwenye kichwa chake kwa sekunde chache. Joto hulainisha vanishi au gundi iliyoishika. Bushi za kusukuma hutolewa kwa kijiti cha mbao kinachopita kwenye tundu kutoka nyuma na kugongwa kidogo kidogo kwa nyundo nyepesi. Vanishi ikiwa imezishika ukingoni, izungushie kwanza wembe mkali, la sivyo itabanduka kipande kizima.

Skrubu hizi ni nyembamba, za kama milimita 2, na huvunjika kirahisi mno. Nilivunja moja kwenye gitaa la rafiki yangu kwa sababu niliiingiza kwenye mbao ngumu bila kutoboa tundu la kuiongoza, nikidhani mkono wangu una nguvu za kutosha. Ulikuwa nazo, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kukitoa kipande kilichobaki kulinigharimu alasiri nzima: nilichukua kibomba chembamba cha shaba, nikakichonga meno kwa tupa, nikakizungusha kwa drili kuizunguka skrubu mpaka ikatoka na kijipande chake cha mbao, kisha nikaziba shimo kwa kijiti na gundi. Dakika mbili za kutoboa zingeniepusha na yote hayo.

Vitundu vya zamani visivyohitajika tena, au vilivyolegea, huzibwa kwa njiti za kuchokolea meno zilizopakwa gundi ya mbao. Zijaze zibane, uache zikauke usiku kucha, kisha uzikate usawa wa mbao kwa wembe.

Ingiza funguo mpya zote, uzibane nati kwa vidole tu, na uhakikishe za kushoto na za kulia hazijabadilishana nafasi. Kwenye funguo zenye gia wazi unaweza kuthibitisha kwa macho: parafujo, ile skrubu nene inayoungana na kishikio na kuizungusha gia, inapaswa kuwa upande wa mwili wa gitaa, na gia iwe juu yake, ili mvuto wa uzi uigandamize gia kwenye parafujo badala ya kuiachanisha nayo. Weka rula kando ya vishikio ili vikae kwenye mstari mmoja. Weka alama za skrubu kwa msumari mwembamba, kisha toboa kwa biti ya milimita 1.5 uliyoifunga utepe kuonyesha kina, ambacho kiwe kifupi kuliko unene wa kichwa kwa usalama wa kutosha. Sugua kila skrubu kwenye nta ya mshumaa. Wengine hutumia sabuni, lakini sabuni huvuta unyevu, na skrubu yenye unyevu hushika kutu. Kaza skrubu mpaka zikae tu, ndipo ukaze nati za mbele kwa kiasi. Ukizidisha, washa, yaani ile pete bapa iliyoko chini ya nati, itazama kwenye mbao na vanishi itapasuka kuizunguka.

Wakati wa kurudisha nyuzi, acha urefu wa ziada wa kama sentimita 5 kupita mhimili, upate mizunguko miwili au mitatu kwa nyuzi nene na mmoja zaidi kwa nyembamba. Kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia, ili uzi ushuke kuelekea kwenye kizingiti na kukigandamiza. Nyuzi zote ziwe upande wa ndani wa mihimili, yaani katikati ya kichwa. Pandisha sauti kwa zamu, zote kwanza zifikie nusu ya mkazo, kisha zikamilishwe. Ukipita sauti unayoitaka, usirudi nyuma ukaishia hapo; shusha chini yake kabisa, halafu upande tena, ili ule mchezo mdogo wa gia uwe umekwisha upande wa mvuto.

Baada ya kama wiki moja zipitie tena nati za mbele kwa spana, kwa kuwa mbao itakuwa imebonyea kidogo chini ya washa. Funguo za zamani, pamoja na skrubu na bushi zake, zitie kwenye mfuko mmoja na uziweke ndani ya kasha la gitaa, maana atakayelinunua siku moja anaweza kuziulizia.