SOMO: Kupanga fanksheni za PostgreSQL kwenye mafaili bila kupoteza hata moja

Wakuu, swali la namna ya kutoa fanksheni zilizo ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL na kuziweka kwenye mafaili nimelijibu hadi nimechoka. Naliandika mara moja.

1. Fungua folda moja kwa kila skima (kundi la majedwali na fanksheni ndani ya hifadhidata).

2. Orodhesha (`malipo` ni skima yangu, weka yako; `oid` ni namba ya fanksheni; `prokind` ni aina yake, 'f' ya kawaida, 'p' procedure):
`SELECT oid, proname FROM pg_proc WHERE pronamespace = 'malipo'::regnamespace AND prokind IN ('f','p') ORDER BY proname, pg_get_function_identity_arguments(oid);`

3. Kwa kila oid ita `pg_get_functiondef(oid)`, matokeo yaingie kwenye faili lenye jina la fanksheni. Hapa ndipo nilipoumia. PostgreSQL inaruhusu fanksheni mbili zenye jina moja, mradi vigezo vitofautiane. Kwenye mfumo wa malipo ya kahawa hapa Moshi nilikuwa na `hesabu_malipo(kilo)` na `hesabu_malipo(kilo, daraja)`. Skripti yangu ilitumia `>`, inayoandika upya faili zima, ya pili ikafuta ya kwanza, na sikujua. Tulipohamia seva mpya mapokezi yakagoma, wakulima wako mlangoni na magunia yao. Nilirudi nyumbani usiku nikiwa na aibu.
Kwa hiyo: jina moja, faili moja, zote humo, kwa `>>`, inayoongeza mwishoni mwa faili. Futa mafaili ya zamani kwanza, la sivyo utarundika za jana juu ya za leo. Weka nukta-mkato mwisho wa kila moja, haiji yenyewe. GRANT (ruhusa) na mmiliki pia haziji. Zichukue kwa `pg_dump -s`, inayotoa muundo bila data.

4. Ukirejesha, majedwali yatangulie, kisha `SET check_function_bodies = off;` ili miili ya fanksheni isikaguliwe wakati wa kuziunda.

5. Hesabu mistari inayoanza na CREATE OR REPLACE. Ilingane na hatua ya 2.

Mdau wa Majengo: Mkuu inagoma, inasema jumla_kilo is an aggregate function.

Mwandishi: Umeacha sharti la prokind, ndilo linaloziacha nje aggregate (fanksheni za kujumlisha safu nyingi), ambazo `pg_get_functiondef` haizikubali. Rudi hatua ya 2.

Mdau wa Majengo: Niliona ndefu.

Mwandishi: Ndefu kwa sababu inahitajika.

Mdau wa Kiboriloni: Kaka, kwa nini vigezo visiingie kwenye jina la faili?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Inawezekana, ila ukibadili integer kuwa numeric jina la faili linabadilika, na Git (inayotunza historia ya mafaili) inaweza kuonyesha faili limefutwa na jingine limezaliwa. Historia inakatika. Nyongeza: fanksheni za SQL ambazo mwili wake umeandikwa kwa BEGIN ATOMIC, PostgreSQL toleo la 14 kuendelea, hukaguliwa papo hapo, ile `off` ya hatua ya 4 haizisaidii. Vitu zinavyovitegemea vitangulie.

Mdau wa Soweto: Natuma nakala ya hifadhidata kwa bando la simu, ni kubwa mno.

Mwandishi: `pg_dump -Fc`. Inabanwa yenyewe, na `pg_restore -l` inakuonyesha yaliyomo.