Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Istilahi ya Sarufi: Mfano wa Neno "Genus"

Sisi tunaofasiri maandishi ya isimu hukutana mara kwa mara na istilahi za Kilatini zilizobadilika sura na maana katika kila lugha. Utaratibu ninaoufuata nitauonyesha kwa neno genus, ambalo wanasarufi wa Kirumi walilitumia kutaja makundi ya nomino.

Hatua ya 1: Tafuta shina. Katika nomino za Kilatini shina huonekana vizuri zaidi kwenye umbo la umilikishi: genus hugeuka generis, na ndiyo sababu Kifaransa kina genre, Kihispania género na Kiitaliano genere. Gender ya Kiingereza ilitoka Kifaransa cha kale.

Hatua ya 2: Rudi hadi Kigiriki, kwa kuwa sehemu kubwa ya istilahi za sarufi ya Kirumi ni tafsiri. Mwanafalsafa Aristotle anaeleza kwamba Protagoras, mwalimu wa Kigiriki aliyemtangulia, aliyagawa majina katika genos tatu: ya kiume, ya kike na ya vitu. Warumi walitumia genus, ambalo ni ndugu wa genos, lakini kundi la tatu wakaliita neutrum, yaani lisilo hili wala lile.

Hatua ya 3: Kusanya maana zote, hata zisizo za sarufi, na hapa usiharakishe. Género ni kitambaa pia. Generi alimentari za Kiitaliano ni vyakula. Kijerumani kina Genus kwa sarufi na Genre kwa sanaa, ilhali jinsia ya kimaumbile ni Geschlecht. Maana inayoziunganisha zote ni "aina". Ndiyo maana Mädchen, yaani msichana, si neno la kike: kiambishi cha udogo -chen ndicho kinachoamua. Mwaka 1958 mwanaisimu wa Marekani Charles Hockett alilifafanua kundi la namna hii kwa upatanisho wa maneno yanayoandamana na nomino, na kwa kigezo hicho hata jozi yetu ya kitabu kimepotea, vitabu vimepotea inaingia.

Hatua ya 4: Chunguza kama neno limekwisha kufika kwetu kwa njia nyingine. Genos ilipita katika Kisiria, lugha ya kale ya Wakristo wa Mashariki ya Kati, ikawa jins ya Kiarabu, nasi tukapata jinsi na jinsia. Kwa lugha za Ulaya mimi huandika "jinsi ya kisarufi", na ngeli naiachia Kibantu, kwa sababu jinsi bado inabeba maana ya namna, ilhali jinsia humfanya msomaji atafute uke au uume katika meza, ambayo kwa Kifaransa ni ya kike na kwa Kijerumani ni ya kiume.