Kutengeneza utando wa Nafion wenye silika katika hewa ya pwani, Mtwara na Lindi

Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Anayetaka kutoa hidrojeni kwenye gesi asilia ili aendeshe seli ya hidrojeni, yaani kifaa kinachogeuza hidrojeni kuwa umeme, atakutana na kaboni monoksaidi. Hii hung'ang'ania platinamu, kichocheo cha seli, na seli ikiwa kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, hata sehemu 10 katika milioni hushusha umeme. Ukiipandisha seli hadi nyuzi 120, platinamu huvumilia zaidi, lakini utando nao, yaani karatasi nyembamba ya plastiki iitwayo Nafion inayopitisha protoni ndani ya seli, hukauka, na Nafion kavu hupitisha protoni kwa shida sana. Chembe nano (ndogo mno) za silika, yaani oksaidi ya silikoni, huwekwa ili zishike maji ndani ya utando.

Silika yenyewe haipitishi protoni. Kwa hiyo anza na silika ya asilimia 3 ya uzito wa polima, yaani Nafion yenyewe. Ukivuka 10, chembe hukusanyika, utando huwa mweupe na hukatika ukikunjwa.

Hesabu yake ni hii. Sahani ya kioo ya duara yenye kipenyo cha sm 9 ina eneo la sm 64 za mraba. Utando mkavu wa mikroni 50 unahitaji gramu 0.63 za polima, yaani gramu 12.6 za kimiminika cha Nafion cha asilimia 5. Silika ni miligramu 19, kwa hiyo tumia mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu. Vaa barakoa inayozuia vumbi laini.

Kausha silika kwa nyuzi 110 saa 2, ipime ingali kavu, uitie kwenye ml 6 za dimethili sulfoksaidi, kiyeyushi kizito. Weka chupa kwenye bafu la ultrasoniki (chombo cha maji kinachotikisa kwa mawimbi ya sauti) dakika 30, ukiongeza barafu ili maji yasipite nyuzi 40. Inyanyue chupa dirishani: ukiona punje zikishuka, rudia. Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu, maana bonge lililobaki hapa halitavunjika tena baadaye.

Pembeni, pasha kimiminika cha Nafion kwa nyuzi 60 ukikoroga hadi kibaki nusu. Fanya hivyo chini ya feni ya kutolea mvuke, mbali na moto, kwa sababu kinachotoka ni alkoholi. Usiache kikauke kabisa. Changanya na silika, koroga saa 2, rudisha kwenye bafu dakika 15, kisha acha mapovu yapande. Ukikausha Nafion kwa alkoholi yake peke yake utapata utando unaopasuka kama tope la jaruba kiangazi. Kiyeyushi kizito ndicho kinachozuia hilo. Vaa glavu, maana kiyeyushi hiki hupenya ngozi na kupitisha uchafu uliomo.

Sawazisha oveni kwa pimamaji kabla ya kumimina mchanganyiko kwenye sahani, la sivyo upande mmoja utakuwa mnene. Nyuzi 80 usiku kucha, kisha 120 kwa saa 2. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Ukirudi, anza upya saa za nyuzi 80, kwa sababu kiyeyushi kilichobaki kikitoka kwa pupa utando hukunjamana. Kiyeyushi hiki pia hufyonza unyevu wa hewa. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zinaponyesha, chupa yake ifunguliwe kwa dakika chache tu. Kazi nyingi ni bora uzipange wakati wa kusi. Kamwe usichome mabaki ya Nafion: moshi wake una hidrojeni floraidi.

Mimina maji yaliyokenekwa juu ya utando uliopoa, utajibandua wenyewe. Kisha upashe kwa nyuzi 80, saa moja moja, ndani ya vimiminika hivi kwa zamu: hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, maji, asidi ya salfuriki ya mola 0.5, maji tena. Maji ya kisima cha pwani hayafai kabisa, maana sodiamu na kalsiamu hukalia nafasi za protoni. Maji ya betri ya dukani yapime upitishaji umeme kwanza. Maji makali ya betri, yaani asidi yake, yaache, yanaweza kuwa na chuma. Na kibanio kiwe cha plastiki. Chuma kidogo tu ndani ya peroksaidi huzalisha radikali, chembe kali zinazokata minyororo ya polima.

Mwisho pima. Loweka gramu 0.2 za utando mkavu kwenye ml 50 za chumvi ya mola 1 kwa saa 24, kisha titresha, yaani ongeza tone kwa tone, kwa sodiamu haidroksaidi ya mola 0.01 ukitumia fenolftaleini kama kiashirio cha rangi. Rangi ya waridi itokee karibu na ml 18. Ikitokea kwenye 12, nafasi nyingi zina chumvi: rudia hatua ya asidi. Utando usio na silika, uliomiminwa siku hiyohiyo na kukaushwa kwenye oveni ileile, upimwe pamoja nao. Bila huo huwezi kujua kama mabadiliko yameletwa na silika au na hewa ya siku hiyo.