Kujitazama Tena Kwenye Kioo Baada ya Kuondolewa Titi
Usianze na kioo kikubwa cha kabati. Kidonda kikishapona na daktari akikuruhusu, jifunge kanga, keti mahali penye faragha, kisha shika kioo kidogo cha mkononi ulitazame kovu kwa dakika moja au mbili tu, ukilipaka mafuta yasiyo na manukato kwa ncha za vidole ili mkono nao uizoee ngozi hiyo, ambayo mara nyingi huwa na ganzi. Machozi yakija, yaache yatoke. Kulia si kukosa imani, hata kama shangazi atasema hivyo.

Mtafiti Kristin Neff wa Marekani, aliyechapisha kipimo cha kujihurumia mwaka 2003, anataja mambo matatu: kujitendea kwa upole, kukumbuka kwamba mateso ni fungu la wanadamu wote, na kuyatambua maumivu bila kuyakuza. La kwanza, kwa maoni yangu, ndilo gumu zaidi. Ukijisikia ukisema «mimi si mwanamke kamili», jiulize kama ungethubutu kumwambia dada yako maneno hayo, kisha jiambie yale ambayo ungemwambia yeye.

Kuhusu mavazi, titi bandia laini la kitambaa hutangulia. Lile zito la silikoni kwa kawaida husubiri wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji. Mumeo ataliona kovu siku utakayoichagua wewe.