Jinsi ya kutunga shairi la mbawa kwa mizani

Vijana ninaowafundisha utunzi hapa Chumbageni, Tanga, huwaanzishia kwa padri Mwingereza, George Herbert. Alikuwa msomi wa Cambridge, akawahi kuwa mbunge, na mwaka 1630 akawa kasisi wa Bemerton, kijiji kilicho karibu na Salisbury. Alifariki mwaka 1633, akiwa na miaka 39, kwa kifua kikuu. Mashairi yake yalichapwa mwaka huohuo, yeye keshazikwa.

Shairi lake la mbawa za Pasaka, ambalo mishororo yake huchora umbo la mbawa, lina beti mbili. Kila ubeti una mishororo 10 yenye mizani 10, 8, 6, 4, 2, kisha 2, 4, 6, 8, 10. Mishororo hukonda pale binadamu anapopoteza neema aliyoumbiwa, na katika ubeti wa pili pale mtunzi mwenyewe anapodhoofika. Akianza kuomba ainuke na Mola, inanenepa tena. Mbawa zimezaliwa na maana.

Basi usikimbilie umbo. Tafuta kwanza kitu kinachopungua kisha kikarejea. Sisi wa pwani tunacho: maji kupwa na kujaa.

Chukua daftari la hesabu lenye miraba, kila silabi iwe na mraba wake. Ile "m" ya "mchangani" nayo ihesabiwe. Anzia katikati, kwenye mishororo ya mizani miwili miwili, maana hapo ndipo shairi linapogeuka. Ukikosa neno zito hapo, badili mada. Vina vipokezane, nusu ya pili ipewe vina vipya. Nilitunga hivi:

Maji yamekupwa, yaondoka,
Ngalawa i mchangani,
Tanga limeshuka,
Njaa ndani,
Shaka.
Ngoja,
Yaja tena,
Wimbi moja moja,
Wavuvi wanaitana,
Twatweka tanga, sote pamoja.

Sasa lighani. Herbert alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki, akipiga ala ya nyuzi na kwenda Salisbury kusikiliza nyimbo za kanisa kuu, na shairi lake linadai sauti. Baada ya "Shaka" nyamaza kidogo, kisha "Ngoja" itoke taratibu. Mshororo ukikukwaza ulimi, mara nyingi umebandikwa neno la kujazia mizani. Ling'oe, hata kama itabidi uanze mshororo upya.

Ukiridhika, liandike safi, kila mshororo ukikaa katikati ya ukurasa, kisha ugeuze karatasi ubavu. Toleo la 1633 lilichapwa hivyo, msomaji akaziona mbawa kabla ya kusoma neno.